Mguu wa Breki

Shire, mwezi wa Tiri, tarehe 12

Kwako Redae, baba Bisrat,

Kabla hujasoma zaidi, weka kikombe chini. Nataka mikono yako yote miwili iwe kwenye karatasi hii.

Sisi wazima. Mtoto ananyonya, analala, analia, kisha anaanza upya kama vile hakuna kilichotokea. Adey Zafu, yule mama wa nyumba ya pili, anakuja kila asubuhi kunipikia ga'at, ule uji mgumu wa mzazi wenye shimo la siagi na pilipili katikati, na kila asubuhi ananiambia nimekonda. Kichwa changu kinanuka siagi, nyumba inanuka ubani, na mlango wetu nimeujua kila ufa wake, maana ndio mwisho wa dunia yangu mpaka siku ya themanini, siku ya ubatizo wa binti. Chini ya mto wa mtoto kuna chuma, kama desturi. Wenzangu huweka kisu. Mimi nimeweka spana ya marehemu baba. Adey Zafu alipoiona alicheka hadi akakaa chini: "Huyu umezaa binti au umezaa gereji?"

Sasa neno lenyewe. Jana Weldu alisimamisha lori lake hapa kuleta salamu zako. Hakuingia, alisema tu kwamba u mzima, umenenepa kidogo, unaimba. Nikafurahi. Akageuka aende zake, kisha akasema kama mtu aliyesahau kofia: "Ila mikono yake inatetemeka, dada. Tulikunywa chai Debark, nusu aliimwagia sahani. Nadhani ni baridi ya kule juu."

Redae, mimi nimekulia gereji. Baba alitengeneza malori ya Fiat kama hilo lako tangu kabla sijazaliwa, na madereva wake walikuja kwetu kunywa kahawa. Wengine walishika kikombe kwa mikono miwili kama watoto. Si baridi. Usukani ukikupiga kutwa nzima, jioni mikono haina habari kwamba safari imekwisha.

Basi nijibu bila kuimba. Usukani unatetemeka? Na unaanzia mwendo gani?

Mkeo,
Letay

~

Gondar, Tiri 18

Kwa Mama Bisrat, malkia wa gereji zote kutoka Shire hadi Axum,

Barua yako imenikuta kwenye foleni ya kupakia. Nimeisoma kwa mikono miwili kama ulivyoamuru, na wapakiaji wamenicheka, wakadhani nimeitwa mahakamani.

Weldu ana mdomo kama bomba lililopasuka. Ni kweli gari linacheza kidogo upande wa kushoto mbele. Kidogo tu! Likishika mwendo kwenye tambarare usukani unaanza kutikisika, ukipunguza unatulia. Na tairi la kushoto limeliwa ukingo wa ndani. Gari hili ni zee kuliko mimi, Letay, lina haki ya kutetemeka. Babu yako hatetemeki?

Usidhani nimekaa tu. Nililiinua kwa jeki, nikalitikisa gurudumu, nikaona linacheza, nikajua ni beringi. Nikaikaza nati mpaka ikakaa sawasawa. Nikapiga grisi, kama ninavyopiga kila Jumamosi. Na pale Debark, kanisani kwa Mikaeli, kasisi alilinyunyizia gurudumu maji ya baraka, hilo la kushoto peke yake, nikamwonyesha kwa kidole. Unataka nini zaidi?

Sasa sikiliza mpango wangu. Napakia mafuta ya kula na ngano, napanda hadi Debark, nashuka ule mteremko wa Limalimo, nakuja moja kwa moja. Siku ya ubatizo nitakuwa mlangoni kwako kabla jua halijapanda. Vioo vya lori nitavifunga vitambaa vyekundu na vya njano, nitapiga honi mtaa mzima mpaka Adey Zafu azibe masikio, kisha wewe na mtoto mtapanda mbele, pembeni yangu, niwapeleke kanisani kwa lori. Binti ya dereva hatakwenda kubatizwa kwa miguu. Nimewaambia madereva wote wa barabara hii, kwa hiyo siwezi tena kurudi nyuma.

Huyo mtoto anafanana na nani sasa? Nilipomwacha alifanana na ngumi.

Mumeo anayeimba,
Redae

~

Shire, Tiri 24

Baba Bisrat,

Anafanana na wewe ukiwa unadanganya. Anakunja uso upande mmoja.

Nimeandika barua hii kwa mkono wa kulia na yeye kwenye wa kushoto, ukiona doa si chozi, ni maziwa.

Maji ya baraka ni mema na Mikaeli namheshimu. Lakini Mikaeli alisema atatulinda njiani, hakusema atashika usukani. Nisikilize sasa kama ungemsikiliza baba.

Ulitikisa gurudumu, likacheza, ukasema beringi. Umejuaje? Beringi ikilegea gurudumu hucheza. Kingpini ikilika, ule msumari mnene ambao gurudumu la mbele hugeukia likikata kona, gurudumu nalo hucheza vilevile. Mkono wako hauwezi kutofautisha. Ndiyo maana kazi ile hufanywa na watu wawili. Mmoja anashika tairi juu na chini anatikisa. Mwingine anakaa ndani, anakanyaga breki hadi mwisho na kubaki hapo. Breki ikishika, gurudumu na kitovu chake huwa kitu kimoja. Kama kucheza kumekwisha, ni beringi. Kama bado kunacheza na breki imekanyagwa, basi ubaya hauko kwenye gurudumu, uko nyuma yake, kwenye kingpini na bushi zake, zile bangili za shaba zinazoizunguka.

Unajua nani alikuwa anamkanyagia baba breki? Mimi. Tangu miguu ilipofika. Alikuwa akipiga kelele kutoka chini ya gari, "Mguu!" na mimi nakanyaga kwa nguvu zangu zote nikiwa nimeng'ang'ania usukani, siuoni uso wake, nasikia tu tairi likigonga. Mteja mmoja alimwuliza kwa nini hatafuti msaidizi mwanamume. Akajibu, "Huyu hatoi mguu mpaka nimwambie. Wanaume hutoa ili waje kuangalia."

Kwa hiyo kabla ya Limalimo tafuta mtu akukanyagie. Jeki iwe chini ya ekseli yenyewe. Na ile nati ya beringi uliyoikaza bila kujua, ilegeze irudi mahali pake, la sivyo kitovu kitachemka. Ukisimama, kiguse kwa mgongo wa mkono uone.

Na hiyo grisi ya kila Jumamosi, unaipiga gurudumu likiwa chini au juu? Likibeba uzito, chuma kimebanana upande mmoja, grisi haipiti. Sijui, Redae. Kingpini haziliki zenyewe. Baba alikuwa akisema kingpini haifi kwa uzee, hufa kwa njaa. Ninaogopa kwamba Jumamosi zako ni za kuimba tu.

Honi sitaki. Mtoto hushtuka.

Letay

~

Debark, Tiri 30

Mama Bisrat,

Kitovu kilikuwa cha moto kama mkate. Umeshinda hilo la kwanza, usicheke.

La pili ni hili. Nimefika Debark na mzigo, baridi imeniuma hadi meno, na mtu wa kukanyaga breki sikumpata. Madereva wote walikuwa wamelala. Nikamwomba Emama Zewde, yule mama wa chai mwenye kibanda mbele ya maegesho. Umri wake anaujua Mungu. Alipanda ndani ya lori na kandambili zake na blanketi lake.

"Breki ndiyo ipi, mwanangu?"

"Ya katikati, Emama."

"Na nikikosea?"

"Huwezi kukosea, nimeweka mawe magurudumuni. Gari haliendi popote."

"Kama haliendi popote, breki ya nini?"

Nilimwambia tu akanyage. Nikaingia chini, nikashika tairi juu na chini, nikatikisa. Likagonga. Nikasema, "Kanyaga zaidi!" Akasema, "Nimekanyaga mpaka goti limelia! Na maji yangu yanachemka huko!" Nikatikisa tena. Likagonga vilevile, tok, tok, kama mtu abishaye mlango.

Basi. Ni kingpini. Nimekuambia ukweli wote.

Lakini sikiliza. Huku kucheza kwenyewe ni upana wa kidole tu juu ya tairi. Nimekuja nayo hivi tangu Gondar, na kabla ya hapo nilipanda nayo hivi. Bushi mpya hazipo Debark, lazima zikerezwe Gondar, na fundi yule akikwambia kesho maana yake ni wiki. Nikingoja, ubatizo utanipita. Kwa hiyo nimeamua: Jumatatu nashuka Limalimo kwa gia ya kwanza, kona kwa kona, nikiongea na gari kama ng'ombe. Nikifika chini ni tambarare hadi nyumbani. Nitatengeneza huko huko Shire, tena wewe utanikanyagia breki, mtoto mgongoni.

Na kuhusu Jumamosi zangu: nimepiga grisi kila Jumamosi, Letay. Nimekuwa mvivu kwa mengi, si kwa hilo. Nilisoma mstari ule wa barua yako mara nyingi kuliko mingine.

Vitambaa nimeshanunua.

Redae

~

Shire, Lekatit 2

Redae,

Naandika haraka, Weldu yuko mlangoni na injini inanguruma. Nimemwomba akupe hii mkononi, asimpe mtu, asipite Debark bila kukuona.

Usishuke. Hakuna haraka tena. Leo kasisi wetu, Keshi Gebru, ametuma neno: kanisa linaezekwa bati jipya, ubatizo wote umesogezwa hadi baada ya Pasaka. Kwa hiyo una muda. Muda wote unaoutaka.

Toa kingpini zote mbili, ya kushoto na ya kulia, usiseme ya kulia bado nzima. Mpe Weldu azipeleke Gondar kwa Mustefa, yule wa kukereza vyuma, baba alimwamini. Azichonge bushi za shaba zilingane na pini mpya, na pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, si kwa nyundo. Ukipachika bushi, tazama tundu. Kila bushi ina tundu dogo la grisi, nalo lazima lielekeane na chuchu ya grisi. Ukilikosea hata kidogo, utapiga bomba mpaka uzeeke.

Kuhusu Jumamosi, nitaamini nitakapoona.

Mtoto mzima.

Letay

~

Debark, Lekatit 15

Mama Bisrat, mwenye mwandiko wa mtu anayekimbia,

Sijashuka. Weldu alinikuta Jumatatu hiyo hiyo, injini ikipata moto, mawe nimeshaondoa. Nikasoma barua yako nikiwa mguu mmoja ndani mmoja nje. Nikayarudisha mawe. Nikuambie kitu? Nilipoyarudisha, nilijikuta naimba. Mungu ambariki Keshi Gebru na bati lake.

Kazi nimeifanya mwenyewe, wewe ukinisemesha sikioni. Tairi chini, kitovu chini, tairodi, ile fimbo ya usukani, nimeifungua. Ule ufunguo mdogo unaofunga kingpini kwenye ekseli ulitoka vizuri. Lakini pini yenyewe! Niliilowesha dizeli, nikaiacha, nikaipiga, ikanitazama. Emama Zewde akaniletea makaa ya jiko lake kwenye bati, tukaipasha ekseli moto. "Hii nayo inaiva kwa muda gani?" akauliza. Nikapiga. Siku iliyofuata nikapiga tena. Hatimaye ikatoka ikilia kama mbuzi.

Sasa weka mtoto chini usome.

Sehemu ya chini ya pini imelika mpaka ukucha unakwama kwenye ngazi yake. Bushi ya chini imekuwa ganda la kitunguu. Nilipolifuta nikatafuta tundu la grisi. Sikuliona. Nikaigeuza. Tundu lilikuwa upande wa pili kabisa, limetazama ukuta wa chuma. Aliyezipachika, kabla mimi sijalishika gari hili, alizigonga tu ndani akaenda zake. Mle ndani pakavu, Letay. Pakavu kama jiwe, na kutu.

Kila Jumamosi nilikuwa naweka bomba kwenye ile chuchu, nabonyeza, linagoma. Nami nikadhani kumejaa. Nilidhani kumejaa! Nikafuta mikono nikaenda kunywa chai, moyo umetulia. Grisi yangu haikuwahi kufika.

Huwezi kusema sikupiga.

Weldu ameondoka na vyuma kwenda kwa Mustefa. Mimi nimebaki na lori lisilo na miguu ya mbele, kama kuku aliyelala. Silionei haya. Nakaa kibandani, nalinda mzigo wa watu. Nimemnunulia Bisrat netela ya ubatizo, shuka nyeupe nyepesi, ndogo, ina ukingo wa dhahabu, mfumaji akasema watoto hawavai hivyo, nikamwambia huyu atavaa. Nimeiweka chini ya kiti ndani ya mfuko wa plastiki isishike mafuta. Pasaka si mbali.

Kuhusu bushi mpya: nitalitazama tundu. Nitalitazama kwa jua na kwa tochi, nitapitisha waya.

Wako,
Redae

~

Debark, Lekatit 24

Letay,

Gari limepona. Pini zinaingia kwa kidole gumba. Grisi nimeipiga gurudumu likiwa juu, ikatokeza pande zote mbili, mpya na safi. Usukani hautetemeki. Hayo ndiyo uliyotaka kujua.

Jana Weldu alirudi kutoka kwenu. Alinikumbatia mbele ya watu akasema, "Hongera, ndugu yangu! Himbasha, mkate wa ubatizo wa binti yako, ilikuwa tamu, na pombe ya siwa walinipa mpaka nikalala pale pale. Tulikukumbuka." Madereva wakapiga makofi. Nami nikacheka pamoja nao. Nilicheka, Letay, kwa sababu sikujua uso niuweke wapi.

Hakuna bati. Hakukuwa na bati.

Nani alimbeba? Nani alisimama mahali pangu? Walipouliza baba yuko wapi ulisema nini? Ningeweza kuliacha lori na Emama Zewde nikapanda gari la mtu yeyote. Ningeweza kuja juu ya magunia. Hukuniuliza. Ulinifunga mawe magurudumuni kama gari.

Netela ipo. Nitamwachia Weldu.

Kuna mzigo wa kwenda Bahir Dar, upande wa pili, nimeombwa niufikirie. Sijajibu.

Redae

~

Shire, Lekatit 29

Redae wangu,

Weldu amefika bila netela. Anasema ulimpa, kisha ukamkimbilia ukamnyang'anya. Basi bado naandika kwa mume wangu.

Nitakujibu yote, na sitalia kwenye karatasi. Mtoto amelala kifuani kwa hiyo naandika polepole.

Alibatizwa siku yake. Desturi ya msichana huijua kila mtu, siku ya themanini haingoji bati. Nilivuka mlango kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, jua likanipiga usoni nikashika ukuta. Tulikwenda kwa miguu. Mimi nilimbeba mpaka kanisani, Adey Zafu akampokea, ndiye mama yake wa ubatizo. Mahali pako hakusimama mtu. Niliwaambia asisogee mtu pale, nikasimama kando ya nafasi tupu. Walipouliza baba yuko wapi, nikasema, "Yuko Debark, anatengeneza gari." Keshi Gebru akanitazama, akasema, "Basi yuko salama." Ndipo nikajua kwamba nimefanya nililotaka.

Unasema ungeliacha lori ukaja juu ya magunia. Nimeisoma tena barua yako ya Gondar. Vitambaa, honi, madereva wote wa barabara hii. Dereva aliyeandika ile barua haji kwa gari la mtu. Angekuja na lori lake. Uliandika mwenyewe, Jumatatu nashuka. Hukuandika, nifanyeje.

Tangu nilipopata ile barua ya upana wa kidole, niliona kitu kimoja tu. Kona ya juu ya Limalimo, ile ambayo lori refu haliikati kwa mara moja, lazima lirudi nyuma kidogo kwenye ukingo kisha likate tena, usukani hadi mwisho, uzito wote kwenye pini moja. Nilikuwa nanyonyesha nikaiona. Nilikuwa nakula nikaiona. Nisingeweza kuja, mlango ulikuwa mwisho wangu. Nilikuwa na karatasi na Weldu, basi.

Baba alisema, ukitaka kujua kucheza kuko wapi, mmoja lazima akanyage breki na asitoe mguu hata akisikia kelele. Nilikanyaga, Redae. Nilijua utapiga kelele. Sikutoa.

Lakini kuna hili, na hili nimelifikiria nikiwa peke yangu. Nilikushutumu kwamba hupigi grisi. Nawe ulikuwa unapiga, kila Jumamosi, na ilikuwa haifiki. Nami nimekuandikia barua nzima za jeki na beringi, nikadhani nimekuambia kwamba naogopa kubaki bila wewe. Nilidhani kumejaa. Kumbe neno lenyewe sikuliandika hata mara moja, tundu lilikuwa limetazama ukuta. Basi naliandika sasa: nilikuwa naogopa. Ningeliandika mapema, labda usingehitaji kudanganywa. Kwa hilo unisamehe. Kwa bati siombi msamaha. Siku nyingine nikiona mawe yameondolewa nitaezeka hata kanisa la Axum.

Alipewa jina lake la ubatizo, lile la kanisani, mbali na Bisrat. Alilia sana majini, waliokuwa nyuma hawakulisikia. Tulilisikia mimi, kasisi na Adey Zafu, na Adey Zafu nimemwapisha. Weldu alinibembeleza nimwambie akuletee, nikamnyima. Sitaliandika. Jina hili halipiti mkononi kwa dereva wa pili wala halikai kwenye karatasi chini ya kiti. Lipo hapa. Anayelitaka ashuke alifuate.

Au aende Bahir Dar. Hapo mguu wangu haufiki.

Letay

~

Adi Arkay, Megabit 4

Mama Bisrat,

Hii anakuletea Weldu, gari lake jepesi atanitangulia. Pamoja nayo kuna kitu kizito kwenye kitambaa chekundu: ni ile kingpini ya kushoto. Weka pamoja na spana ya mzee. Mpitishe mtoto kidole penye ile ngazi akikua, umwambie.

Nimeshuka Limalimo leo.

Asubuhi Emama Zewde alinikataza kulipa chai. Akasema, "Huyo mkeo anayekanyaga breki kutoka Shire, mwambie mguu wake mrefu." Nilikuwa bado na hasira. Nilishuka nayo kona za kwanza, ikakaa pembeni yangu kwenye kiti chako. Kisha nikafika kwenye ile kona unayoisema. Nikarudi nyuma hadi ukingoni, nikakata usukani hadi mwisho, nikausikia uzito wote unahamia kushoto, unakaa kwenye pini. Pini ikaubeba. Kimya. Hakuna tok. Nikaona chini kule barabara kama uzi ulioanguka, na mikono yangu imetulia kabisa juu ya usukani, nikaitazama kama mikono ya mtu mwingine. Nikafikiria ile ya zamani, bushi ya ganda la kitunguu, Jumatatu ile, mimi na vitambaa vyangu.

Nilisimama penye nafasi. Nikaweka mawe. Nilikaa pale mpaka madereva wawili wakauliza kama nimeharibikiwa. Nikasema hapana, napumzisha gari.

Bado inaniuma, sitakuficha. Ile nafasi tupu kanisani itaniuma muda mrefu. Lakini napenda kwamba hukumweka mtu.

Barua yako imefika, yote, mpaka ndani.

Usimvalishe Bisrat kitu, nina netela. Jina usimwambie mtu, wala usiliseme kwa sauti ukiwa peke yako, kuta nazo zina masikio. Natoka hapa alfajiri, na sina haraka. Vitambaa nimevifungia kingpini na vilivyobaki nimempa Emama Zewde afungie chupa za chai.

Honi sitapiga. Ukisikia lori linazimwa nje, mtoto akiwa amelala, ni mimi. Fungua mlango polepole, nitakuwa nimeinama, sikio mbele, nikingoja jina.

Redae